Mchana Nani Alikuambia Uangalie?



Leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe, na juu ya swali ambalo halijanitoka kichwani tangu mwezi Mei: rafiki akikuonyesha mahali alipo, amekupa nini hasa?

Mimi naishi Mlabani, hapa Ifakara, na nafanya kazi kwenye duka la steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za maombi kwenye mtandao. Tuko wasichana watano tunaoimba kwaya pamoja, na mwaka jana tulifungua kalenda moja ya kwetu sote. Kila mmoja anaiona kwenye simu yake, na mimi naiona pia kwenye kompyuta ya dukani. Humo tuliweka mazoezi, zamu za usafi kanisani, Rozari ya Jumuiya inasaliwa nyumba ipi, na siku za kuzaliwa. Ilitusaidia sana, ingawa wiki ya kwanza ilituaibisha. Aliyeandika mazoezi aliweka 10:00 akimaanisha saa kumi jioni, simu ikaelewa saa nne asubuhi. Wawili walifika kanisani saa nne wakakuta mlango umefungwa na mbuzi wamelala kivulini. Tangu siku hiyo tunaandika 16:00, halafu pembeni "saa kumi jioni" kwa maneno, maana simu haijui saa za Kiswahili.

Lokesheni ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu nzuri. Mmoja wetu anasoma uuguzi, na akiwa kwenye mafunzo ya vitendo anapangiwa zamu za usiku. Njia ya kwenda anakokaa ina kipande kisicho na taa. Usiku mmoja bodaboda aliyemchukua alikata kona asiyoijua, na hata kama ilikuwa ni njia ya mkato tu, alifika chumbani akitetemeka. Kesho yake akatuambia, "Jamani, nikitoka zamu naomba mniangalie." Ukituma lokesheni kwa WhatsApp unachagua muda: dakika 15, saa moja, au masaa 8, ukiisha inazima yenyewe. Tukaona ni usumbufu kutuma upya kila usiku. Tukahamia ramani ya Google, ambako unaweza kumwashia mtu lokesheni ikabaki wazi mpaka utakapoizima wewe. Wote watano tukafanya hivyo. Tukajiona tumependana kweli.

Na sidanganyi nikisema kwamba huku kwetu kujua mtu yuko wapi ni sehemu ya kupendana. Bonde la Kilombero ni bonde la maji. Familia nyingi wakati wa mpunga zinahamia shamba, mbali na mji, zinakaa huko wiki nyingi zikilala kwenye vibanda na madungu, kulinda ndege na nguruwe pori, na watoto wanabaki mjini kwa ajili ya shule. Mvua ikizidi, njia inakatika. Mtu asiyeaga huku anawatesa wenzake. Kabla ya lile daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, watu walivuka kwa kivuko kwenda upande wa Ulanga. Januari 2016 kivuko kikapinduka. Nilikuwa bado mdogo, lakini namkumbuka mama akipiga simu moja baada ya nyingine, na swali lake lilikuwa hilo hilo kwa kila mtu: "Uko wapi?" Kila aliyepokea, mama alisema "Asante Mungu" hata kabla hajajibiwa.

Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa akadhani nasema kuonyeshana mahali tulipo ni ushetani. Mimi mwenyewe niliona kile kiduara chenye picha ya rafiki yangu kikitembea usiku mpaka nyumbani kwake, kikatulia, ndipo nikazima taa nikalala. Ilikuwa kama sala fulani hivi.

Sasa ikafika Mei. Mwezi wa Mama Maria, Rozari kila jioni, na sisi tulikuwa na mazoezi ya wimbo mgumu kwa ajili ya Pentekoste. Yule rafiki yangu wa uuguzi akaanza kukosa. Kwenye kalenda aliweka alama ya "nina shughuli" Jumanne na Alhamisi, bila maelezo. Kalenda inaruhusu hilo: wenzako wanaona kwamba muda huo haupo, hawaoni unafanya nini. Mimi nikamuuliza, shughuli gani? Akasema za familia. Nikamuuliza tena kesho yake, nikiwa nacheka, "Au umepata mtu?" Akacheka kidogo. Mara ya tatu nikamwandikia kabisa: kwaya inakuhitaji, angalau tuambie uko wapi. Akajibu, "Nipo shamba kumsaidia mama."

Kwa Ifakara hilo ni jibu lililokamilika. Ukisema upo shamba hakuna anayeuliza zaidi.

Jumamosi ile nilikuwa dukani, ramani imefunguka kwenye kompyuta. Nilikuwa na tabia hiyo, kuacha ile ramani wazi mchana kutwa, kama mtu anavyoacha redio. Dada mmoja wa kwaya, hayumo kati ya sisi watano, akaja kuchapa barua ya kuomba kazi. Akachungulia kioo. Kiduara chenye picha ya rafiki yangu kilikuwa mjini kabisa, upande wa stendi, juu ya jina la gesti moja. Yule dada akasema, "Huyu si mlisema yupo shamba?"

Hapo ndipo ningeweza kufunga ramani na kusema, "Barua yako ni kurasa mbili." Badala yake nikasema, "Na mimi ndiyo najiuliza." Halafu nikaongeza, Mungu anisamehe, "Jumanne pia alikuwa hapo hapo."

Ni maneno machache. Sikusema yuko na mwanaume. Sikusema chochote kibaya, kama ukitaka kunitetea. Lakini msichana, gesti, mchana, na uongo wa shamba: yule dada hakuhitaji nimalizie. Jumapili baada ya Misa nilisikia sauti ya pili ikiuliza kama ni kweli. Jumatatu lilikuwa limefika kwa mwalimu wa kwaya.

Rafiki yangu alikuja dukani Jumanne jioni. Hakuingia. Alisimama nje karibu na tangi la maji akaniita kwa mkono. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Akaniambia taratibu, "Mama yangu yupo kwenye vipimo. Ametoka kijijini, amepanga gesti kwa sababu hataki ndugu zake wa hapa mjini wajue mpaka daktari aseme ni nini. Aliniapisha. Ndiyo maana." Nikaanza kusema sikujua. Akanikatiza: "Nilikupa ile lokesheni kwa ajili ya usiku. Mchana nani alikuambia uangalie?"

Sikuwa na jibu, na bado nikilitafuta naona halipo.

Ngoja nijaribu kuwa mkweli kuhusu ule uongo wa shamba, maana kuna msomaji ataniambia, lakini naye alidanganya. Ni kweli. Kanisa linafundisha kuwa uongo ni uongo, na yeye mwenyewe hajitetei. Ila katika Katekisimu hiyo hiyo, namba 2489, kuna jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye semina yoyote ya vijana: hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Yeye alianza vizuri. Aliweka "nina shughuli." Huo haukuwa uongo, ulikuwa mlango uliorudishwa tu. Mimi ndiye niliyegonga mara ya pili, nikagonga mara ya tatu. Nilimfikisha mahali ambapo kunyamaza kungekuwa kukiri, na kusema kungekuwa kumsaliti mama yake. Akachukua njia ya tatu, mbaya. Dhambi ya uongo ni yake, lakini mimi nilimsindikiza hadi pale.

Na hili ndilo linalonitisha kuhusu lokesheni inayowaka muda wote. Zamani tulikuwa tunadanganyana kizembe, "nipo njiani" wakati mtu bado yuko bafuni na ndoo ya maji. Tulisameheana tu. Sasa ule uongo mdogo haupiti, na tunasema ni vizuri. Lakini pamoja nao kimeondoka kitu kingine, yaani ile nafasi ya kutosema. Ukizima lokesheni siku moja, watu wanne wanauliza kuna nini. Kuzima kwenyewe kumekuwa habari. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba alifikiria kuizima wiki ile, akaogopa kwamba ndiyo tutashtuka zaidi. Fikiria hilo: aliacha wazi kitu kinachomuumbua, kwa kuogopa maswali yetu sisi marafiki zake.

Nilikwenda kuungama Jumamosi iliyofuata. Nilikiita "kusengenya", haraka haraka, katikati ya mambo mengine. Padre akanirudisha hapo hapo. Aliniuliza kama nilichokisema kilikuwa cha kweli. Nikasema ndiyo Padre, kweli alikuwa gesti. Akaniuliza kama nilichotaka mwenzangu aelewe kilikuwa cha kweli. Nikanyamaza. Kisha akaniambia niende kwa wale walioambiwa. Si shauri lake binafsi tu; Katekisimu namba 2487 inasema aliyemharibia mtu jina ana wajibu wa kulitengeneza.

Basi nikaenda, na huko nikagundua ubaya ambao sikuutegemea. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja, naye aliwaambia wawili, na hao sijui. Nilifika kwa wanne. Sasa nitawaambia nini? Kumsafisha kabisa ilibidi niseme alikuwa akimuuguza mama yake. Lakini hiyo ndiyo siri yenyewe aliyoapishwa! Kila sentensi ambayo ingemtetea yeye ingemfunua mama. Nikabaki na maneno matatu manne ya kijinga: nilikosea, sikuwa na haki ya kusema, na mlichodhani sicho. Mmoja alinielewa. Mwingine akaniuliza, "Sasa alikuwa anafanya nini?" Nikasema siwezi kusema. Akatabasamu lile tabasamu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, kwa sababu niliona wazi kwamba utetezi wangu umemwongezea mashaka. Kusambaza kulichukua nusu dakika mbele ya kioo cha kompyuta. Kukusanya sijamaliza mpaka leo.

Katika wiki zile nilisoma Injili nikiwa na macho ya mtu aliyeharibu, na nikaona mambo niliyokuwa nayapita. Usiku ule ule wa Alhamisi Kuu, Bwana wetu alificha mahali pamoja na akaacha pengine wazi. Nyumba ya karamu hakuitaja. Katika Luka sura ya 22, Petro na Yohane wanapouliza wakaandae wapi Pasaka, hawapewi jina la mwenye nyumba wala mtaa. Wanaambiwa watakutana na mwanaume amebeba mtungi wa maji, wamfuate. Wapo wafafanuzi wanaosema ni kwa sababu Yuda alikuwa anasikiliza, na Bwana alitaka ile karamu isivurugwe kabla ya wakati. Lakini bustani je? Yohane sura ya 18 inatuambia Yuda alipajua mahali pale, kwa sababu Yesu alikuwa akikutana hapo na wanafunzi wake mara nyingi. Na Yesu akaenda hapo hapo.

Mimi nilizoea kuona hapo usaliti wa busu na vipande 30 vya fedha. Sikuwahi kuona kwamba Yuda aliuza pia mahali. Aliuza kitu alichokijua kwa sababu ya urafiki tu. Askari wasingekijua, makuhani wasingekijua. Ni wale waliokaa naye jioni chini ya mizeituni ndio waliojua anaposali.

Sitaki kujifananisha na Yuda ili nionekane nimetubu sana, hiyo nayo ni majivuno. Lakini nilichokiuza mimi dukani kilikuwa cha aina hiyo. Ramani haikunionyesha rafiki yangu kwa sababu mimi ni mjanja wa kompyuta. Ilinionyesha kwa sababu aliniamini.

Tena nikamkumbuka Pier Giorgio Frassati. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu pamoja na Carlo Acutis. Sisi vijana wa mitandaoni tumemkumbatia Carlo, na ni haki yake, lakini Frassati ndiye aliyenishika safari hii. Alikuwa kijana wa Turin, Italia, baba yake tajiri, mwenye gazeti na tena balozi. Mara nyingi alichelewa chakula nyumbani, wakamgombeza, kwa sababu nauli yake alikuwa amempa maskini na yeye akarudi akikimbia kwa miguu. Hakueleza. Alikuwa akiingia kwenye vichochoro na vyumba vya wagonjwa mahali ambapo watu wa tabaka lake hawaendi. Alipofariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24, familia ilishangaa kwenye mazishi kuona mitaa imejaa maskini wasiowajua wanaomlilia. Sasa mpe mama yake simu yenye ramani. Angeona kiduara cha mwanawe kimesimama saa nzima kwenye kichochoro kibaya. Angedhani nini? Mimi ningedhani nilichodhani.

Kiduara kinasema mahali. Ndiyo kazi yake, na anayeyajua madungu yetu na mto wetu hatakidharau. Ila mahali ni kitu kidogo sana katika habari za mtu, na mimi nilikichukua kidogo hicho nikajaza kilichobaki kwa akili yangu. Kanisa lina jina la hilo, hukumu ya haraka. Lina hata kanuni ya sheria, namba 220, inayokataza kumharibia mtu sifa yake njema na kuingilia haki yake ya faragha. Serikali nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Najua, kwa sababu nachapa fomu za watu na inanihusu. Nilikuwa makini sana na vitambulisho vya wateja nisiowajua. Rafiki yangu nilimwacha wazi kwenye kioo, kila anayekuja kuchapa amwone.

Niseme neno moja kwa wenye wachumba, halafu niwaache. Dada zangu wawili sasa wameniambia dukani kwamba kaka fulani amesema, "Kama unanipenda niwashie lokesheni." Dada, yule wa usiku na yule wa mchana wanatumia programu moja. Muulize anataka kuangalia saa ngapi. Akikasirika kwa swali hilo, umeshajua anachokitafuta. Na nyie kaka, hata wasichana huwa tunawadai, nimewaona, hili ni letu sote.

Sisi watano tulikaa tukaongea. Kalenda imebaki, na mtu akiandika "nina shughuli" tumekubaliana hakuna anayeuliza, hata kwa utani. Utani ndio niliotumia mimi. Ile lokesheni ya muda wote tuliizima wote, na ramani kwenye kompyuta ya dukani nimeiondoa. Rafiki yangu alinisamehe. Alisema hivyo kwa mdomo wake, na namwamini. Lakini alianza kumwomba mwingine amwangalie akitoka zamu, na mimi sikusema kitu, maana ningesema nini? Mama yake sasa anaendelea vizuri, amerudi kijijini. Niliomba ruhusa yao wote wawili kabla ya kuandika haya. Mambo mawili wameniambia niyatoe, nimeyatoa.

Juzi usiku, mvua ilikuwa inanyesha, simu yangu ikalia saa nne na nusu. Ni yeye. Hakuandika neno lolote. Alituma lokesheni ya WhatsApp, ya dakika 15. Nikakaa kitandani nikaangalia kile kiduara kikipita kile kipande cha giza, kikakata kona, kikasimama kwake. Baada ya muda ikaisha yenyewe. Nikamwandikia "usiku mwema", nikaweka simu chini.